Laptop Iliyolala Kwenye Matangazo ya Vifo

Mliponiaga karakana mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa ili awahi wapi. Halafu mkaniomba niwaandikie yale niliyojifunza, na hilo ndilo limenipa kazi kuliko kazi yenyewe. Vyeo siandiki, maana vilikuwa vichache. Mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya laptop moja iliyonisumbua kuliko mashine zote nilizowahi kufungua.

Kwa atakayesoma haya bila kunijua: mimi ni Muganyizi, mzaliwa wa upande wa Rubya kule Muleba, mkazi wa Hamugembe hapa Bukoba. Nilianza kama fundi wa redio, nikaishia kuwa fundi wa kompyuta. Sikuchagua kuhama. Redio ziliacha kuharibika zikaanza kutupwa, na tumbo halikuacha kudai.

Siku yangu ya kwanza karakana nilifika na shati jeupe. Fundi mkuu alikuwa Ta Kamuhabwa (Ta kwetu ni heshima ya mwanaume, kama Ma kwa mwanamke), mtu wa Kaagya, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alitazama shati, akacheka peke yake, kisha akaniwekea redio mezani. "Hii inaumwa," akasema. "Usiiguse."

Nikasubiri aniambie la kufanya. Akaenda zake kuunganisha waya mahali pengine. Nikakaa na ile redio asubuhi nzima, inaimba vizuri kabisa, mimi nikijiuliza kama huyu mzee ananipima akili au ananidharau. Kila lori lilipopita barabarani redio ilikata sauti kidogo, ikarudi. Sikutilia maanani. Kabla ya chakula akaja, akaniuliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee. Inaimba."

"Na lori?"

Nikamweleza la lori. Akaifungua, akanionyesha risasi ya kulehemu iliyoachia kwenye mguu mmoja, inatikisika ardhi ikitikisika. Akasema maneno ambayo nimewachosha nayo nyie wote: "Kwanza keti na mgonjwa. Ukishaigusa mashine, hutajua tena ilikuwa inafanya nini kabla hujafika."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Ta Kamuhabwa hakuwa mpole. Ukiunguza bodi alikuwa anakuuliza kama kwenu kuna kibanja cha kutosha, maana huenda Mungu alikukusudia migomba. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika, na bisibisi yake, aliyoivalisha mpira wa baiskeli kwenye mpini, hakumwazima hata padri. Siku anastaafu kurudi Kaagya kwenye kahawa yake, alinikabidhi ile bisibisi. Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia. Sioni aibu kuandika hivyo.

Kompyuta zilipoingia, niliona ni kitu kigeni kabisa, lakini mgonjwa wa kwanza aliyenipa sifa aliponea kwa sheria ileile. Mwalimu mkuu mmoja Muleba alikuwa na laptop (vitabuni inaitwa kompyuta mpakato, lakini sijawahi kusikia mteja akiiita hivyo) iliyokuwa inajizima kila alipoifanyia kazi nyumbani. Ikiletwa karakana haijizimi. Wenzangu walishabadilisha vitu viwili vitatu. Mimi nikapanda bodaboda nikaenda kuketi na mgonjwa. Mke wa mwalimu akanikaribisha, akaniletea akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kisha akaitoa laptop kwa heshima zote na kuiweka juu ya kitambaa kizito cha kufuma, maua mekundu, chenye pindo refu. Kila kitu cha thamani mle ndani kilikuwa na kitambaa chake. Tundu la feni chini lilikuwa limezibwa kabisa. Nilitafuna kahawa yangu taratibu, nikitafuta namna ya kusema bila kumvunja moyo aliyefuma. Mwishowe nikasema kitambaa kizuri hivi kinastahili kuwa juu ya mashine ikizimwa, si chini yake ikiwashwa. Mama akakubali. Ufundi nusu yake ni mdomo.

Sasa nije kwenye laptop yenyewe.

Hapa mjini kulikuwa na kituo kidogo cha redio ambacho tulikuwa tunakihudumia. Sitakitaja jina. Kipindi chake kilichosikilizwa kuliko vyote hakikuwa mpira wala muziki, kilikuwa matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Mnajua wenyewe. Huku kwetu mtu hafi mpaka redio imesema. Mtu yuko shambani, anasikia, anaacha jembe, anaoga, anakwenda. Tangazo lisiposikika, kuna ndugu atafika kaburi limeshafunikwa, na lawama yake itarithiwa na wajukuu.

Msomaji wa kipindi hicho alikuwa Ma Justa, mama wa Kilutheri, mwanakwaya tangu usichana, mwenye sauti ambayo hata ukiwa huna msiba ilikufanya ukae vizuri kwenye kiti. Alikuwa na utaratibu wake. Wakati wa kusoma hakutaka muziki wa chini, ule unaopita taratibu nyuma ya mtangazaji. Hakutaka mtu aguse chochote studio, wala kupekua karatasi, wala kushika simu. Yeye mwenyewe alipomaliza majina aliweka mikono mapajani, akanyamaza kidogo kama tunavyonyamaza jeneza likishuka, ndipo akabonyeza kitufe wimbo wa kwaya uanze. Wasikilizaji waliujua ule ukimya wake. Wazee walikuwa wanavua kofia.

Mwaka mmoja mume wa Ma Justa akafariki. Akakaa nyumbani kwenye msiba wake, na kipindi kikashikwa na kijana Edson, mtangazaji wa michezo, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Wakati huohuo kituo kikapata laptop mpya ya kurushia matangazo, badala ya ile kompyuta kubwa iliyokuwa inazimika umeme ukikatika. Mpya kwa kituo, maana ilikuwa imetumika kwingine kwanza. Niliiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, mimi mwenyewe, nikaipima, nikaikabidhi. Wiki zote alizosoma Edson haikuleta shida hata siku moja.

Ma Justa akarudi kazini. Siku hiyohiyo, amemaliza majina, amenyamaza, anabonyeza, kimya. Picha iko kwenye kioo, kitufe hakisikii, mshale hauendi. Wakaishikilia swichi mpaka ikazimika, wakaiwasha upya, na muda wote huo mkoa mzima unasikiliza ukimya. Kesho yake ikawa sawa. Keshokutwa ikaganda tena. Wakamweka Edson asome: safi. Wakamrudisha Ma Justa: ikaganda.

Mnaweza kukisia maneno yaliyofuata. Kwanza ilikuwa utani, kwamba laptop inaogopa marehemu. Kisha utani ukapata meno. Mtu wa mapokezi akasema huyu mama ametoka kwenye msiba bado mbichi, amekuja na kifo chake studio. Wasikilizaji wakaanza kupiga simu: wengine walilia kwamba wimbo wa baba yao umekatwa, wengine waliomba tangazo lao asilisome "yule mama."

Meneja alikuwa Projestus, mtu mzuri aliyekuwa na wakubwa juu yake na simu mezani. Akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Ta Muganyizi, mimi siamini mambo hayo," akasema. "Lakini Ijumaa bodi inakaa. Wanataka nimtoe kwenye kipindi. Na nikimtoa pale, sina mahali pengine pa kumweka."

"Yaani atakwenda nyumbani."

"Atakwenda nyumbani. Mume hayupo, kazi haipo, na jina limeshachafuka. Nani atampa hata kuongoza kwaya? Niambie ni mashine, waitu, ndugu yangu. Niambie ni mashine na unionyeshe."

Nikaichukua laptop karakana. Nikapima kumbukumbu, diski, joto, chaja, kila kitu. Niliwasha programu ya kupima iliyokuwa inaandika hali ya mashine kila sekunde, nikaiacha mchana kutwa. Haikuganda. Nikairudisha studio, nikakaa pembeni na mausi mkononi, nikifungua hiki na kile wakati Ma Justa anasoma. Haikuganda. Nilipoondoka, ikaganda. Nilianza kuichukia kwa dhati. Mashine inayojifanya nzima mbele ya fundi inakufanya uonekane mjinga mbele za watu, na mimi ile sifa sikuwa naitafuta.

Ma Justa alinikuta koridoni siku hiyo. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Muganyizi, niambie ukweli. Ni mimi?"

"Ma Justa, na wewe?"

"Wiki sita nimekaa na nguo nyeusi, sikuuliza mtu kitu. Leo nakuuliza wewe. Ni mimi?"

Nilitaka kumwambia si wewe. Lakini ushahidi wote uliokuwa mezani ulisema ni yeye, na mimi sikuwa na mwingine. Nikamwambia nipe mpaka kesho. Nikaenda stendi, nikapanda gari la Kaagya.

Ta Kamuhabwa nilimkuta uani anaanua kahawa. Alikuwa amezeeka, miwani bado ina waya. Hakuniuliza habari ya mjini. Aliuliza kama bisibisi yake bado ina mpira. Tukakaa, tukatafuna akamwani, nikamwaga shida yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kompyuta mimi siijui. Ingekuwa redio ningesema waya wa umeme."

"Nimebadilisha waya."

"Basi sijui." Akaanika tena zile alizokwisha kuanua, nadhani ili mikono ipate kazi. "Ikiugua, wewe unakuwa unafanya nini?"

"Haijawahi kuganda nikiwepo, Ta."

"Basi dawa ni wewe. Wakuajiri ukae pale." Akacheka mpaka akakohoa. "Na wao wanakuwa wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu. Mama anasoma, wengine wananyamaza. Hakuna anayegusa chochote."

"Na wewe ukienda unagusa."

Nilijisikia nimerudi na shati jeupe.

"Mwanangu," akasema, "umekwenda pale kama fundi. Nenda kesho kama mfiwa. Weka mikono mapajani kama msiba ni wako."

Kesho yake, Alhamisi, nilikaa studio kama mfiwa. Ma Justa alisoma. Nilitazama saa ndogo kwenye pembe ya kioo cha laptop, na sikugusa kitu. Majina yakaenda, ya Kamachumu, ya Izigo, ya Katoma. Mahali fulani katikati, Ma Justa bado anasoma, hata hajafika kwenye kunyamaza, ile saa ikasimama. Dakika haikubadilika tena. Laptop ilikuwa imeshakufa kitambo kabla hajanyoosha kidole.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Haikuwa inakufa ikifanya kazi. Ilikuwa inakufa ikipumzika.

Nisimame kidogo hapa, maana hili ndilo mnapaswa kulishika nyie mnaobaki. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haikai macho muda wote. Ikikosa kazi inasinzia ili isile umeme, ndiyo maana betri inadumu, na usingizi wake una ngazi. Mfikirieni mlinzi wa usiku. Kuna mlinzi aliyeketi na kufumba macho. Ukikohoa tu, yuko wima. Kuna aliyevua viatu. Huyo umpe muda kidogo. Na kuna aliyejifunika blanketi gubigubi na kuzima taa; kumwamsha huyo ni shughuli. Ngazi ya kwanza wanaiita C1, halafu zinashuka, na kwenye mashine ile ya chini kabisa ilikuwa C6. Prosesa isiyo na ugonjwa inashuka mpaka C6 na kurudi, na hakuna anayejua. Ya laptop ile ilikuwa inashuka vizuri, lakini mara nyingine haikupata njia ya kurudi.

Sasa tazama ilivyotokea. Vipindi vingine vyote vilikuwa na muziki wa chini, kwa hiyo prosesa ilikuwa na kazi na haikufika kwenye blanketi. Usiku nyimbo zilipigwa mfululizo. Edson alisoma vifo huku amefungua matokeo ya mpira, anapandisha na kushusha. Mimi karakana niliweka programu inayomuuliza mlinzi kila sekunde, "Umelala?" Nani angelala? Mtu mmoja tu katika kituo kizima aliipa ile mashine ukimya kamili, na alifanya hivyo kwa heshima ya marehemu. Lililokuwa linamponza Ma Justa ni adabu yake.

Sikusema neno mbele za watu. Neno halina nguvu mbele ya bodi. Nilimwomba Projestus tuweke kipindi kilichorekodiwa kwenye ile kompyuta kubwa ya zamani, kisha nikamwomba Ma Justa atoke.

"Nitoke?" akauliza. Nilimwona alivyojikunja.

"Toka, mama. Nenda mpaka ng'ambo ya barabara, mahali wakuone kwa dirisha. Utaelewa."

Tukabaki mimi, Projestus na Edson. Nikawaambia waweke mikono mapajani, simu zizimwe. Nikaiacha laptop kama ilivyo wakati wa matangazo, bila muziki na bila mtu kuigusa. Edson aliteseka. Goti lilikuwa linacheza, akauliza kama anaruhusiwa kukuna pua. Tukakaa. Nje Ma Justa alisimama na mkoba wake chini ya jua, hajui anangoja nini. Nami moyoni nilikuwa naomba mashine iharibike, jambo ambalo fundi haombi mara nyingi. Projestus alianza kunitazama kwa jicho la huruma.

Ile saa ya kwenye kioo ikasimama.

"Bonyeza," nikamwambia Projestus. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasogeza mausi mpaka ukingoni mwa meza.

"Imeganda," akasema.

"Na Ma Justa yuko wapi?"

Akageuka dirishani. Alimtazama yule mama kule ng'ambo kwa muda mrefu. "Mawe, mama yangu!" akasema taratibu. "Tumemfanya nini huyu mtu?" Edson akatoka mbio kwenda kumwita, na nikamwona akimbebea mkoba wakati wanavuka barabara.

Kuponya hakukuwa kugumu, ila kulitaka subira. Kwenye Linux kila ngazi ya usingizi ina faili yake ndogo. Ukiandika moja ndani yake ngazi imefungwa, ukiandika sifuri imefunguliwa, na unafanya hivyo kwa kila kiini cha prosesa. Kwa hasira nilizifunga zote. Prosesa ikakaa macho kabisa, ikapata joto, feni ikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na maikrofoni ikausikia. Betri nayo ikawa inashuka ukiitazama, na mnajua umeme wetu. Basi nikazifungua moja moja kutoka juu, nikiacha ikae kimya kila mara. C1 salama. Za katikati salama. C6 tu ndiyo iliyokuwa kaburi. Nikaifunga hiyo peke yake. Feni ikatulia, betri ikapungua kidogo tu. Kisha nikaandika katazo hilo kwenye mstari wa maagizo ya kuwashia mashine, maana yale mafaili madogo husahau kila ukiizima. Msitibu kidonda cha kidole kwa kukata mkono.

Ilibaki kujaribu kwa njia yake. Nikamwambia Ma Justa asome tangazo kama kawaida, maikrofoni imefungwa.

"Tangazo la nani?"

"Lolote, mama. Tunga tu."

"Kutunga kifo?" Alinikazia macho. "Siwezi kumtangaza mtu aliye hai. Wala asiyekuwepo."

Kisha akavuta kiti, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akaanza, bila karatasi. Alimtaja mume wake. Jina lake, baba yake, kijiji chake, alikougulia, watoto aliowaacha. Alikuwa ametangaza vifo vya mkoa mzima, na cha kwake alikisoma Edson yeye akiwa nyumbani amekaa kwenye mkeka. Alijitaja mwenyewe katikati ya wafiwa, "na mjane wake Justa," kwa sauti ileile isiyotetemeka. "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Akaweka mikono mapajani.

Alinyamaza muda mrefu kuliko siku zote. Sikuangalia saa ya kioo, sikuthubutu. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza.

Wimbo ukaanza.

Alilia basi, kwa mara ya kwanza mbele yetu, na Edson akalia kuliko yeye, na Projestus akatoka nje akisema anakwenda kupiga simu. Ma Justa alipofuta macho alinishukuru kwa lugha yetu, "Kasinge waitu, Muganyizi." Nimepewa vyeti vitatu katika utumishi wangu na sijui vilipo. Hilo neno ninalo.

Ijumaa bodi ilikaa, Projestus akaeleza mambo ya mlinzi na blanketi, wakaelewa. Mchana huo alisoma Ma Justa, na kabla ya majina Projestus mwenyewe aliingia hewani akawaambia wasikilizaji kwamba mashine ilikuwa na hitilafu, imetengenezwa, na kituo kinamwomba radhi mtangazaji wake. Edson akaenda kwa Ma Justa kufundishwa kunyamaza. Nasikia amejifunza nusu.

Nikarudi Kaagya kumweleza Ta Kamuhabwa. Alifurahi, akataka kujua kuhusu usingizi wa prosesa, nikamweleza ngazi zote. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo hata kupumzika ni kazi, na kuna wasioiweza." Kisha akanipa mkungu wa ndizi niubebe, kana kwamba mimi ndiye niliyemsaidia.

Nimestaafu sasa. Watu wananiuliza kama sichoki kukaa. Nalala mchana, naamka nikikoholewa. Nina kibanja changu hapa Hamugembe, nina mke anayenitengenezea ratiba kali kuliko ya karakana, na ile bisibisi iko kwenye droo. Nashukuru. Nilipewa kazi niliyoipenda na mtu wa kunifundisha. Wengi wamepata kimoja, wengine hawakupata hata kimoja.

Miezi michache iliyopita, mtoto wa Ta Kamuhabwa alinipigia simu alfajiri. Nilijua kabla hajasema. Aliniuliza kama naweza kusaidia tangazo lifike redioni. Nikalipeleka mwenyewe, nikamkabidhi Ma Justa mkononi. Amebakiza muda mfupi naye astaafu. Laptop ilikuwa palepale mezani, ileile, betri tumeshaibadilisha na herufi za kibodi zimefutika.

"Kaa basi usikilizie hapa," akaniambia.

"Hapana, mama. Leo nasikilizia nyumbani. Leo msiba ni wangu."

Saa saba nilikaa na mke wangu sebuleni, redio juu ya kitambaa chake cha kufuma. Ma Justa akasoma. Ta Kamuhabwa wa Kaagya, fundi. Watoto wake, wajukuu wake, na baada ya hao, kitu ambacho sikukiandika kwenye karatasi ile: "na mwanawe wa kazini, Muganyizi wa Hamugembe." Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Kisha ukimya.

Nilijikuta nimeweka mikono mapajani. Nilijua kila kinachotokea mle ndani ya ile mashine, kwamba prosesa imesinzia, imevua viatu, imefika kwenye mlango wa C6 ikakuta nimeufunga. Nilijua, na bado nilishika pumzi. Ukimya ukawa mrefu.

Wimbo ukaanza.

"Unamlilia mzee au unalilia kompyuta?" mke wangu akaniuliza, naye analia.

Nikamwambia ngoja wimbo uishe. Ulipoisha nikavaa viatu, nikatoa ile bisibisi kwenye droo nikaitia mfuko wa koti, tukaenda Kaagya kumzika mwalimu wangu.